Nilivyopoteza nyumba Kinyerezi kwa kosa la ngeli: sururu ni "wa" au "ya"?

Wakuu, shikamooni wanaostahili, wengine mambo vipi. Haya yamenikuta mwenyewe, sikuhadithiwa. Mwenye kubisha abishe, ila asome mpaka chini kwanza.

Jana mwenzetu mmoja kauliza mdudu anayekata matawi ya miti anaitwaje kwa Kiswahili. Mkamwaga majibu kwa mbwembwe: mbawakawa, chonga, dumuzi. Mmoja akasema mchwa.

Mchwa! Nilicheka. Mie jina la mdudu huyo liliwahi kunitoa kwenye nyumba.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini Kinyerezi ilikuwa pori na mikorosho. Mie shule niliiacha darasa la tano, nikawa mtu wa kutangatanga: Temeke nimeponda kokoto, Wazo nimepakia saruji. Mwisho karani mmoja wa serikali, mkazi wa Sinza, akaniweka nilinde shamba lake la mikorosho. Nikapewa nyumba ya udongo ya vyumba viwili, ya bure. Kwa mtu niliyekuwaga nalala kwenye vibaraza, ile ilikuwa ikulu.

Basi, matawi yakaanza kudondoka.

Si kuvunjika, wakuu. Kukatwa. Tawi nene kama mkono, limezungushiwa mkato safi pande zote, utadhani fundi seremala kapita na msumeno. Kila asubuhi mawili, matatu.

Mie nina ugonjwa wa kutaka kujua. Nikakaa chini ya mti siku nzima, macho juu. Nikamwona: mdudu mrefu kama kidole, mgongo rangi ya chungwa wenye michirizi myeusi kama wavu, masharubu marefu kuliko mwili. Anatafuna gome, anazunguka tawi, anatafuna tena. Upepo ukija, tawi chini.

Nikakimbilia kwa jirani yangu Bibi Zena, Mzaramo wa palepale, nimuulize jina la mdudu. Alikuwa anakaanga samaki.

"Sururu huyo," akasema bila kugeuka.

Nikafurahi kama nimefaulu mtihani. Matawi nikayachoma, yakanipikia ugali wiki nzima.

Karani akaja Jumamosi. Akaona mikorosho imenyolewa, akaona jivu. Hakuuliza mara mbili. Akanipeleka ofisi ya tawi la chama. Ndiyo, kesi ya matawi ilisikilizwa ofisi ya tawi, na bado vyama vingi vilikuwa vinanong'onwa tu, kwa hiyo neno "kukata matawi" lenyewe lilishawatoa watu jasho.

Katibu alikuwa mwalimu mstaafu kutoka bara. Kiswahili chake kimenyooka kama rula.

"Nani anakata matawi?"

"Shikamoo mwalimu. Yanakatwa na sururu."

"Sururu ya nani?"

"Si ya mtu, mwalimu. Sururu wa porini."

"Sururu *ya*, kijana. Ngeli ya I-ZI. Inaonekana shule uliipitia dirishani."

Watu wakacheka. Mie nikazidi kujichimbia: "Tena si mmoja, mwalimu, wako wengi."

"Nyingi!" Akamgeukia karani. "Umesikia? Sururu nyingi. Huyu ana genge."

Akaandika, akanisomea kwa sauti ya matangazo ya vifo: mtuhumiwa amekiri kukata matawi kwa sururu akishirikiana na wenzake.

Nikasema ni mdudu. Akaniuliza tangu lini mdudu akachimba msingi wa nyumba; yeye sururu aliyoijua ni ile ya chuma tu. Nikasema aitwe Bibi Zena, nikaambiwa yuko msibani Kisarawe. Nyumba ikaniponyoka hivyo, nikaambiwa jua lisizame nikiwa humo.

Matawi yaliyobaki yalibebwa kama kielelezo, yakapangwa vizuri nyuma ya ofisi, chini ya mikorosho ya katibu mwenyewe. Akapiga marufuku mtu kuyagusa.

Sasa, wakuu, kitu ambacho mie nilishakiona nikipasua kuni: ndani ya yale matawi makavu mlikuwa na viwavi weupe. Mdudu hakati tawi kwa chuki. Analiandalia watoto wake.

Mwaka uliofuata niko Temeke, nikaletewa salamu kwamba katibu ananitafuta. Nikaenda, roho mkononi. Nikakuta mikorosho yake imenyolewa kuliko ya karani. Bibi Zena kakaa pembeni na kanga yake, anajizuia kucheka.

"Kijana," katibu akasema taratibu, "hao sururu wako wanauawaje?"

*Hao. Wako. Wanauawaje.* Ngeli imekaa mahali pake.

"Choma kielelezo, mwalimu," nikamjibu.

Nyumba sikurudishiwa. Karani alishamweka mpwa wake.

Wakati wa kuondoka nikamshukuru Bibi Zena kwa lile neno. Akaniambia, "Mjukuu wangu, sururu ni wa minazi. Huyo wako simjui jina. Nilikutajia tu uondoke, samaki wangu walikuwa wanaungua."

Nilichojifunza: ukiwa huna cheo, kujua ukweli hakutoshi, lazima na anayeandika alijue neno lako. Na kabla hujalitetea neno mbele ya watu, muulize aliyekupa kama alikuwa anapika.

Haya, uwanja wenu. Mwenye jina halisi la yule mdudu wa mikorosho alishushe hapa. Wa mchwa apite kimya kimya.