Hesabu ya Joto Niliyoikataa Mbele ya Watu

Kwa misimu miwili majirani zangu wa Mururu hawakupanda miti kwenye mteremko wetu, na sababu ni mimi.

Ilikuwa baada ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Binti yangu, anayefundisha fizikia Kamembe, alisimama kwenye kikao akaeleza kwamba moshi wa magari na viwanda unaongeza gesi ya kaboni angani, dunia inazidi joto, na mvua zitakuja kwa fujo. Tupande miti ishike udongo. Mimi nikanyanyua mkono. Nilikuwa na daftari langu la sekondari, nililolibeba kutoka Bukavu, ng'ambo ya mpaka, tuliporudi nchini, na nililionea fahari. Nikawasomea: mtaalamu mmoja wa kale huko Ulaya alipiga hesabu kwamba gesi hiyo ikiongezeka maradufu, dunia itapanda nyuzi kadhaa za joto. Mwingine akapitisha joto kwenye bomba lenye gesi, akabadilisha kiasi cha gesi, na joto lililopita likabaki karibu lilelile. Basi gesi iliyopo imeshazuia yote inayoweza kuzuia.

"Giza ni giza," nikasema. "Ukifunga dirisha mara mbili, chumba hakizidi kuwa giza."

Watu walicheka. Tangu siku hiyo wakamwita binti yangu Maman Moshi, naye akaacha kuja kwangu Jumapili.

Mwaka huu, wakati wa kiangazi, alikuja kumwona mama yake aliyekuwa mgonjwa. Alinikuta uani nikifunika shimo la kuivishia ndizi za pombe. Alisimama akitazama ninavyopanga majani ya mgomba, tabaka juu ya tabaka.

"Papa, majani ya kwanza yameshaleta giza mule ndani. Kwa nini unaongezaka ingine?"

"Ili joto lisitoke," nikajibu, na mkono wangu ukasimama hewani.

Nilimwambia aketi palepale, nikakimbia kuleta daftari. Kukimbia, kwa umri wangu! Akanichorea anga kwa tabaka, kama shimo langu. Mtu wa bomba alipima kana kwamba hewa ni jani moja. Lakini kila tabaka hupokea joto na kulitoa tena, hadi lile la juu kabisa ambako joto huondoka duniani. Gesi ikiongezeka, mlango huo wa kutokea unasogea juu zaidi, kwenye baridi, na joto linalotoka linapungua. Yule wa kwanza alizidisha kidogo, kwa kuwa vipimo vya siku zake vilikuwa vibovu, lakini njia yake ilikuwa sahihi.

"Alipata yote hayo kwa kalamu tu?" nilimuuliza, labda mara tatu.

Siku mbili nzima nilizirudia hesabu hizo mwenyewe. Binti yangu alinisahihisha kwa wino mwekundu kama mwanafunzi wake, na makosa yalikuwa mengi. Sikumbuki kufurahi hivyo tangu nilipokuwa shuleni. Nilikuwa naamka kabla ya jogoo nikitafuta miwani.

Ila furaha haipandi miti. Mvua kubwa iliyopita ilibeba shamba la maharagwe la mjane jirani yetu, chini kabisa ya pale miti ingekuwa imesimama. Hilo siwezi kulifuta kwa hesabu yoyote.

Umuganda uliofuata niliomba kusema. Nikaeleza bomba, nikaeleza tabaka, na nilipofika kwenye shimo la ndizi wanawake walikuwa wameshaelewa kabla sijamaliza. Mfanyabiashara mmoja wa vitenge, ambaye ana shamba upande wetu, akaniuliza, "Mzee, kumbe tulimucheka mwalimu bure wakati wote ule?"

"Mlimcheka kwa maneno yangu. Kosa ni langu, na yeye alikuwa sahihi."

Wengine walinizomea kidogo, na nilistahili. Mjane aliuliza jambo moja tu: nani atachimba mashimo ya miche juu ya shamba lake? Nikasema mimi.

Hatukusubiri mwezi mwingine. Tuliukwea mteremko saa ileile, majembe yakiwa bado mikononi. Nilichimba mashimo matatu. Binti yangu akapita nyuma yangu na kijiti cha kupimia, akayakubali mawili. La tatu, akasema, halijafika kina.

Nikalichimba tena.