Shimo la Dawa

Yule bwana wa maabara, anayetoka Uvira kutafuta dawa katika majani yetu, hunusa kila jani akifumba macho, kama anayeonja mchuzi wa mkwe. Vita ilituachia kichaka kimoja tu cha dawa ya vidonda, nyuma ya mpunga wangu hapa Luberizi. Alipoanza kuchimba, nikamsimamia na jembe.

"Papa, ukikimaliza, miye nitakuzika humo!"

Akacheka, akakata kamzizi kamoja kembamba, kisha akafukia shimo kwa vidole, polepole, kama tunavyofukia sisi ili mgonjwa apone.

"Weye, nani alikufundisha?"

"Mama yangu, tukiwa wakimbizi."

Nikaweka jembe chini, tukapanda vitawi vya kichaka kile pamoja. Sasa vimechipua, na mbuzi wote wa jirani wanaijua fimbo yangu.