Udongo Juu ya Tembe

Mimi ndiye niliyepandisha udongo ule juu ya paa. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu na nguvu za kujionyesha.

Kwetu Kinyangiri tuliishi kwenye tembe: kuta za udongo, na juu paa bapa la magogo, nyasi na udongo tena. Paa likivuja, dawa yake ilijulikana tangu mababu. Unapanda na karai la udongo, unashindilia panapovuja, basi. Mvua zetu zilikuwa za kuja na kuondoka, na jua la kesho yake lilikausha kila kitu. Nani angetufundisha dawa nyingine?

Mwaka ule mvua ilikuja ikasahau kuondoka. Siku ya tatu maji yakaanza kudondokea kihenge chetu, chenye uwele wote wa chakula na mbegu. Mama, aliyekuwa amefiwa na baba mwaka uliotangulia, akanituma udongo. Nikapandisha. Palipovuja tena nikapandisha tena, siku mbili nzima. Udongo uliolowa ni mzito, jamani! Asubuhi ya tano, tukiwa kwa jirani tumefuata moto, tulisikia kishindo. Tukarudi mbio tukakuta tembe limelala chini, na kihenge kiko chini yake. Hakuna aliyeumia. Uwele ulianza kunuka kabla ya wiki kwisha.

Zamani ghala la kijiji lingetusitiri. Lakini hiyo ilikuwa miaka ya ruksa, biashara imefunguliwa kwa kila mwenye pesa, na ghala lilishakodishwa kwa mfanyabiashara wa alizeti. Kilichobaki ni orodha ya serikali ya waathirika wa mvua. Ukiandikwa utapata mahindi ya msaada na mbegu. Usipoandikwa, shauri yako. Mama alikuwa na watoto wanne.

Mwandishi wa orodha alikuja kwa pikipiki, kijana ndani ya koti la mitumba lililomzidi mabega. Hakusalimia mtu. Akazunguka kifusi, akapiga teke bonge la udongo, akauliza, "Nani aliongeza udongo huu?"

Nami, mjinga mie, nikanyoosha mkono kama niko darasani.

"Basi hii si mvua," akasema. "Nyumba mmeiangusha wenyewe." Akafunga daftari. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Kumbe nimewanyima wadogo zangu chakula kwa mikono yangu!

"Mwanangu," mama akamwambia, "hujaniamkia."

Majirani walikuwa wanatazama. Kijana akasema, "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Sasa tuongee. Mvua isingezidi, huyu mtoto angepanda juu kufanya nini? Kucheza ngoma?"

Watu wakacheka. Yeye akakasirika, akasema hata hivyo kaya huandikwa kwa jina la mwanamume, na mama akajiandikishe kwa shemeji yake. Akawasha pikipiki. Mama akaenda akaketi mbele ya gurudumu, palepale kwenye matope, na kanga yake safi ya pekee.

"Shemeji ana kaya yake na ana njaa yake," alisema. "Hii ni yangu. Niandike au nikanyage."

Siku hizi redioni nasikia wasomi wakizungumzia mabadiliko ya tabianchi, na haki za watu waliopoteza mali zao. Nafurahi kusikia, ila nakasirika pia, maana wanaongea kana kwamba madai hayo yameanza juzi. Na nisiwadanganye: mahindi yenyewe yalikuja machache, na mbegu zilifika wakati wenzetu wa mabondeni wameshapalilia. Tulipanda hivyohivyo.

Lakini siku ile pikipiki ilizimwa. Kijana akafungua daftari juu ya goti, akaandika huku amenuna, akasema tayari. Mama hakujua kusoma. Hakunyanyuka. Akanyoosha mkono, akalichukua daftari, akanipa mimi.

"Soma."

Nikasoma jina lake, la kwake mwenyewe, kama mkuu wa kaya. Nikasoma watoto wanne. Nikafika mahali palipoandikwa chanzo cha hasara, nikasoma kwa kunong'ona huku machozi yakinitoka.

"Soma kwa nguvu," mama alisema. "Majirani hawajasikia."

"Mvua," nikasema.

"Tena."

"Mvua!"

Ndipo akainuka.