Marged Aipaka Ngome Chokaa

Marged Prydderch ndiye aliyeshika ufunguo wa gofu la ngome ukingoni mwa mto Teifi, na kijumba chake kilikuwa kimeegemea ukuta wa gofu hilo hilo. Alikuwa msafi hadi akawachosha watu. Kuku wakimwona na ufagio walihama wenyewe.

Kiangazi kimoja, mgeni aliyepita hapo aliandika gazetini kwamba ngome imemezwa na majani, utadhani haina mwenyewe. Shoga yake Marged, Lowri, mke wa mwenye nyumba ya wageni, alijua Kiingereza. Akamsomea neno kwa neno. Marged alitamani ardhi ipasuke immeze. Haina mwenyewe! Na yeye je, paka?

Mwaka uliofuata Lowri akaja mbio. "Juma lijalo anakuja mchoraji, Bwana Thackwell, yule wa rangi za maji. Picha inakwenda kutundikwa London!"

"London? Safari hii hawanipati," Marged akasema.

Kwao, mgeni akitarajiwa, nyumba hupakwa chokaa. Heshima nyingine hakuijua. Kwa siku nne alipanda ngazi na mundu, akafyeka mimea yote iliyotambaa kwenye mnara wa ngome tangu enzi za mababu, kisha akapaka chokaa hadi pale mkono wake ulipofika. Mnara ukawa mweusi juu, mweupe chini, kama mzee aliyevaa koti akasahau suruali. Yeye aliuona umependeza.

Bwana Thackwell alifika asubuhi, akautazama, akaketi chini kwenye nyasi. Halafu akasema maneno mengi.

"Anasemaje?" Marged aliuliza, akingoja sifa.

Lowri akababaika. "Anauliza nani kaiua ngome. Majani ndiyo aliyoyafuata, shoga. Anasema ndiyo uzuri wenyewe."

"Majani?"

"Majani. Nimwambie nani kayakata?"

"Mwambie upepo."

"Upepo gani huo unaopaka chokaa?"

Marged aliona haya hadi masikio yakawaka moto. Akaingia ndani, akafunga dirisha. Mchoraji akavuka mto, akachora siku tatu akiwa ng'ambo, na siku zote hizo Marged alichota maji kwa kujificha, kana kwamba ameiba.

Siku ya nne picha ikawekwa mezani kwa Lowri, kila mtu aione. Marged naye alikwenda. Asingekwenda wangemsema zaidi. Mimea yote ilikuwa imerudi mnarani, mibichi, mizito. Chokaa hakuna. Na pale penye kijumba chake, mlango wake, bomba lake la moshi, mchoraji alikuwa ameweka kichaka.

Watu wakasifu. Mke wa mchungaji mpya, ambaye hakuwa amezoea mahali hapo, akainamia picha.

"Pazuri kweli. Hapa chini ya mnara anaishi mtu?"

Lowri akafungua kinywa, lakini Marged alimwahi.

"Hapana, bibi," akasema. "Hapaishi mtu."