Mama Zawadi na Watoto Waliopelekwa Lokandu

Isha ilikwisha kuswaliwa, taa za bandarini zikazimwa kama kila usiku, na boti ya Lokandu bado haijaonekana. Riziki alikaa kwenye ngazi za gati, amejifunika kitenge hadi miguuni, akitazama giza la mto upande ambao boti ilipaswa kutokea. Mtoto wake Zawadi, msichana wa miaka kumi na miwili, alikuwa ameondoka jana na timu ya kuogelea ya vijana wa Chama, kile kimoja tu cha nchi nzima, kwenda kushindana majini mbele ya wakubwa siku ya sikukuu. Wazazi waliambiwa watoto watarudi kabla ya magharibi. Sasa wazazi hao walikuwa wametawanyika hapo gatini makundi makundi, wakizungumza habari za mchele na chumvi ili wasizungumze lile moja.

Riziki aliogopa kama wengine, lakini juu ya woga wake kulikuwa na hasira, na hasira hiyo haikuanza usiku ule.

Ilianza siku kijana wa Chama alipopita mtaani Mikelenge na kipaza sauti, akitangaza kwamba Jumamosi ni salongo, ile kazi ya wote isiyo na malipo wala ruhusa ya kukataa. Safari hii, akasema, watoto wa shule hawatafyeka majani. Wataenda kuoga mtoni. Basi katika Kiswahili cha Kindu kuoga ni kujiosha mwili, na kuoga ni kukata maji pia, na akina mama wakalifahamu neno kwa upande waliouzoea. Wakasema Chama sasa kinakagua usafi wa watoto. Jumamosi wakateremka mtoni na sabuni, na mataulo, na mmoja akaleta jiwe la kusugulia visigino. Huko wakamkuta sitwayeni Tambwe, maana Chama kilitaka kila bwana aitwe sitwayeni, mwalimu wa michezo, amesimama kwenye mchanga na filimbi shingoni. Akawatazama kwa muda, kisha akawauliza kama Chama kimewaita kuosha vyungu. Akina mama wakacheka hata wakashikana mabega, na Tambwe hakuwasamehe kicheko kile.

Riziki naye alicheka. Lakini alipomaliza kucheka akauliza watoto wakiingia majini, nani ataingia nao.

Tambwe akamwonyesha filimbi yake. "Mimi niko hapa, mama."

"Hiyo filimbi inajua kuoga?"

Toka siku hiyo Tambwe alimjua kwa jina.

Haikuwa kwamba Riziki hakutaka mtoto wake ajue maji. Kuishi Kindu bila kujua maji ni ujinga, mto umepita katikati ya mji. Baba yake mwenyewe alimfundisha alipokuwa mdogo, amemfunga kamba kiunoni na mwisho wa kamba ameuzungusha mkononi mwake. Alichotaka Riziki ni kuiona kamba, au mtu, au mtumbwi, chochote kilicho kati ya mtoto wake na ule mkondo. Tambwe alikuwa amejifunza kuogelea Kisangani, ndani ya birika la saruji la wazungu, kwenye maji yanayokaa mahali yalipomwagwa. Mto wao, Lualaba, hautulii hivyo. Leo unakupa mchanga, kesho mchanga umeondoka na pahali pake pana shimo.

Na jambo jingine lilimkera. Mjini mwanamke aliyevaa suruali alikamatwa na vijana wa Chama, wakamwambia anaiga wageni. Vijana hao hao ndio waliogawa makaputula ya timu, na wasichana wakavalishwa na kusimamishwa mbele ya wanaume wazima. Riziki alipouliza akajibiwa kwamba hiyo ni michezo. Akamshonea Zawadi kaputula refu la kufika magotini, na Tambwe akasema mtoto atazama kwa uzito wa heshima ya mama yake.

Kumtoa mtoto kwenye timu hakukuwezekana. Mume wake, Hamadi, alifanya kazi ya reli, na wiki nyingi alikuwa huko njia ya Kibombo. Mzazi aliyemzuia mtoto angeitwa kujieleza, na mwenye kazi ya serikali angejieleza mara mbili. Basi Riziki akafanya alichoweza, akakaa akaangalia. Kila siku ya mazoezi aliteremka mtoni na beseni. Tambwe akamfukuza, akisema macho ya mama yanatia mtoto woga. Riziki akasogea mbele kidogo, akafua kitenge. Alikifua, akakikamua, akakichovya tena, jicho lake kwenye vichwa vya watoto. Bulaimu fundi cherehani, baba yake Sudi wa timu hiyo hiyo, tena mtu wa kamati ya mtaa, alipita pale akamuuliza, "Dada Riziki, hicho kitenge kimekukosea nini? Ua lake limefutika hata huoni."

"Lilikuwa na uchafu, kaka."

"Uchafu gani? Mwache mwalimu afanye kazi yake. Yeye amesoma."

Aliyoyaona huko hayakumpa usingizi. Watoto waliingia majini tumbo tupu, kwa kuwa mazoezi yalikuwa kabla ya chai, na wakatoka midomo ikitetemeka. Aliyechoka hakusema, maana aliyesema aliitwa kuku mbele ya wenzake. Walipotoka, hakuna aliyewahesabu. Tambwe alipiga filimbi, akageuka, akaondoka, na kama mmoja angebaki chini ya maji, ni mama yake ndiye angegundua jioni wakati wa kugawa chakula.

Hata sasa, miaka mingi baadaye, mtu akija kumwambia kwa furaha kwamba mtoto wake ameingia timu ya kuogelea, Riziki hampongezi kwanza. Anamuuliza, nani anaingia naye majini? Anakula nini kabla, na kwa muda gani kabla? Akichoka anaruhusiwa kusema? Akitoka nani anamhesabu? Na mwisho anauliza swali ambalo wazazi wengi hawalitazamii, tena analiuliza kwa ukali kama vile aliye mbele yake ndiye mkosaji: likitokea jambo, nani atakuja kukuambia, na atakuja lini? Mzazi akisema hajui, Riziki humwambia arudi akaulize leo, si kesho, wala asione haya kuitwa mama msumbufu. Yeye aliitwa hivyo na hakufa.

Kabla ya safari ya Lokandu aliyauliza yote hayo katika mkutano wa wazazi. Aliuliza mitumbwi mingapi itakaa majini karibu na watoto. Badala ya Tambwe akajibu mkubwa wa vijana, kijana mwenye koti lililofungwa vifungo hadi kooni. Akasema, "Chama iko nao, mama." Wazazi wakapiga makofi. Riziki akauliza kama mzazi mmoja anaweza kupanda boti. Wakamwambia nafasi ni za wachezaji wa ngoma za Chama. Bulaimu akamvuta kitenge akamnong'oneza akae, anawaaibisha watu wa Mikelenge.

Ndiyo maana usiku ule gatini hasira yake ilikuwa ya zamani, imeiva.

Boti ilikuja hatimaye. Ilisikika kwanza injini, halafu nyimbo, maana wachezaji walikuwa bado wanaimba, sauti zimewakauka. Wazazi wakasimama wote. Wakateremka wachezaji, wakateremka wakubwa, wakateremshwa mbuzi waliotolewa zawadi huko, miguu imefungwa, wanalia. Boti ikabaki tupu. Mtoto hata mmoja hakuteremka.

Riziki akamshika mkono mchezaji mmoja, mwanamke wa mtaa wao, akamuuliza watoto wako wapi. Yule mwanamke akatazama nyuma kwanza. Akasema watoto wamebaki, kwamba kulikuwa na ajali majini, mtoto mmoja wa Mikelenge amepelekwa kwa muganga. Wa nani? Hajui. Mzima? Hajui, wao waliambiwa waendelee kuimba. Akajinasua akaenda.

Wakati huo huo Bulaimu akamwona Tambwe. Alikuwa ameshuka katikati ya wachezaji, taulo kichwani kama mwanamke anayekwepa mvua, na tayari alikuwa anapanda barabara kwa haraka. Wakamwita. Akakaza mwendo. Wakamfuata hadi nyumbani kwake, nyumba ya matofali nyuma ya shule, na walipofika uani wakasikia komeo likiingia.

Wakabisha hodi kwa adabu. Mke wa Tambwe akasema nyuma ya mlango kwamba bwana amelala. Viatu vyake vilikuwa kwenye ngazi, vinachuruzika maji. Wakabisha tena. Safari hii akajibu mwenyewe, kwa sauti ya ofisini, kwamba hawezi kusema kitu. Habari itatolewa kesho, baada ya raporo, ile taarifa ya maandishi, kufika kwa kamati. Kamati ndiyo ya kwanza kujua, ndivyo alivyoagizwa.

"Sitwayeni," akasema Bulaimu, "sisi ni wazazi."

"Najua, baba. Kesho."

Bulaimu akarudi nyuma. Akawaambia wengine kwamba kama ni agizo la kamati basi ni agizo, wakae wasubiri, mtu huyu naye ana wakubwa wake. Wengine wakakaa chini. Mama mmoja akaanza kulia polepole, wakambembeleza. Riziki hakukaa. Aliuweka mdomo kwenye ufa wa mlango.

"Nakuuliza neno moja. Mutoto wa nani?"

Akagonga mara moja tena.

"Sikuulizi raporo. Nakuuliza mutoto."

"Mama, musilete fujo usiku. Mulikubali wenyewe watoto waende."

Hapo kitu kilikatika ndani ya Riziki. Alisimama wima. Zamani, Zawadi akiwa bado mgongoni, alikuwa akiuza mikate ya mafuta kwenye lango la shule ya misioni, na alimjua mwalimu huyu akiwa mwanafunzi mwenye suruali fupi, tena alilijua jina walilomwita mafrateri. Majina ya ubatizo sasa yalikuwa yamekatazwa nchi nzima. Padri aliyeyatoa alifunguliwa kesi, na mtu wa Chama aliyeitika jina kama hilo angeulizwa mbele ya watu kama yeye ni Mzaire au ni Mbelgiji. Jina la namna hiyo halikutamkwa barabarani mchana, sembuse usiku, wakati sauti inafika mbali.

Riziki akavuta pumzi akaita, kwa sauti ile ya kuuzia mikate, "Ferdinand!"

Hata mama aliyekuwa analia akainua kichwa.

"Ferdinand! Toka, Ferdinand!"

Bulaimu akamkimbilia, akimwambia dada, dada, utatufungisha sisi wote. Riziki akaita tena. Mama aliyekuwa analia akainuka, akapangusa uso kwa ncha ya kitenge, na yeye akaita. Kisha mzee mmoja. Kisha wote, watu wazima na heshima zao, wakaita jina la marufuku kwa pamoja kama wanaitikia animasyo, zile nyimbo za kusifu Chama asubuhi shuleni. Dirisha la jirani likafunguka. Mtu akauliza Ferdinand ni nani. Mwingine, kwenye giza, akajibu huku anacheka kwamba ni sitwayeni wa michezo, njo yeye.

Komeo likatoka. Tambwe akasimama mlangoni na taa ya mafuta mkononi, na neno lake la kwanza lilikuwa, "Musiite ile jina. Nawaomba."

"Sema mutoto," Riziki akasema.

Akasema. Watoto wote ni wazima. Katikati ya mbio mtumbwi wa watu waliokuja kutazama uliwapitia, ukampiga Sudi, mkono wake umevunjika. Wavuvi walimtoa majini. Amelala kwa muganga wa Lokandu, amefungwa vijiti, anakula. Wenzake wamelala shuleni huko.

"Na Zawadi?"

"Zawadi njo alimushika Sudi kichwa juu mpaka wavuvi wakafika."

Watu wakapumua. Wengine wakashukuru Mungu kwa sauti. Lakini Riziki hakupumua, maana sasa alikuwa anafahamu, na kila alipofahamu hasira ilipanda ngazi nyingine. Wako wazima. Hayo tu. Maneno mawili, mtu huyu alipanda nayo botini, akashuka nayo gatini, akapita nayo mbele ya mama zao, akayafungia ndani kwa komeo.

"Mbona hawakurudi na boti?" akauliza.

Tambwe akatazama taa yake. Akasema nafasi haikutosha, kulikuwa na mizigo ya wakubwa.

"Mizigo gani?"

Mzee mmoja akajibu badala yake, taratibu, kwamba ni mbuzi.

Hakuna aliyecheka. Tambwe akasema sasa amekwisha kusema yote, waende walale, raporo itasomwa asubuhi mbele ya kamati, na kwa hisani yao wasimwambie mtu kwamba wamesikia kwanza kwake. Akarudi nyuma akauvuta mlango.

Mlango haukufunga. Bulaimu fundi cherehani, baba yake Sudi, alikuwa ameuwekea kiganja. Tambwe akavuta, akamwambia baba, wewe ni mtu wa kamati, unajua agizo. Bulaimu akaitikia kwa kichwa kwamba analijua. Mkono wake haukuondoka.

"Boti inarudi Lokandu sasa hivi kuwachukua watoto," akasema. "Wewe utatangulia mbele. Vaa viatu."

Tambwe akauvuta mlango tena, kwa mikono miwili. Riziki akaweka mkono wake juu ya mkono wa Bulaimu, na yule mama aliyekuwa analia akaweka wake, na mlango ukabaki wazi.