Jiwe Ndani ya Kiatu

Asubuhi ile mke wa mchimba kokoto alikuwa akikamulia ndimu kwenye chai. Mumewe alikuwa ameinama mlangoni, anavaa kiatu polepole mno.

"Baba watoto, jana jiwe lako lilikuwa mtungini. Leo liko kiatuni? Na kiatu chenyewe kina tundu!"

Mchimba kokoto hakucheka. Jiwe alilitoa mwenyewe machimboni, angavu kama maji. Dalali alimnong'oneza kuwa ni kwatzi safi, jiwe gumu la bei. Mkewe, mwosha vyombo wa maabara ya kupimia mawe kwa miaka ishirini, alilitupia jicho mara moja tu, akasema ni jamii ya chokaa. Mara moja tu! Kesho yake alionekana akizungumza na dalali dukani. Kikulacho ki nguoni mwako.

"Dalali alikwambia nini?"

"Salamu. Nayo utaificha kiatuni?"

Mkewe akaketi, akamweleza kama alivyowasikia wapimaji wakisema. Kwatzi ni silikoni na oksijeni, zimeshikana mikono kila upande, kisu hakipati pa kuingilia. "Lako lina kalsiamu, kaboni na oksijeni. Limepangika kwa tabaka. Ligonge, litapasuka kwa mshazari ule ule kila mara."

"Nilivunje, ili iweje? Wewe na dalali mlipate kwa bei ya bure?"

Akatoka akichechemea, bila kuaga. Mkewe alisema neno mgongoni mwake. Akajifanya kiziwi.

Mchana watu wa maabara wakamwita. Mkewe alikuwa ameanguka kando ya karo la maabara. Moyo. Hakurudi nyumbani.

Baada ya maziko dalali alikuja kutoa pole, macho yakizunguka chumba kizima. Mchimba kokoto akamsindikiza, akafunga mlango kwa komeo, akavua kiatu.

Kisu kikalikwangua jiwe. Unga mweupe ukatoka. Akakishuku kisu. Juu ya sahani ya mkewe nusu ndimu ilikuwa imeanza kukauka. Akaikamua kwa vidole viwili. Tone likaangukia unga, vipovu vikapanda, kama chokaa ifanyavyo ikiguswa na kitu kikali. Akaishuku ndimu pia, akaidondoshea kokoto ya kwatzi aliyoijua tangu ujana wake. Kimya. Akarudia kwenye jiwe lake. Vipovu.

Mara tatu. Kisha ndimu ikaisha.

Akabaki ameketi na kiatu kimoja. Neno lile la mgongoni alikuwa amelisikia, lote:

"Usiniamini mimi, mume wangu. Iulize ndimu."