Daktari wa Nini?

Nasikia kuna watu Waithaka wanasema mpaka leo kwamba Daktari Daksha alikuwa na roho mbaya, eti aliaibisha mke wa mtu mbele ya wageni. Nani aliwaambia? Walikuwepo? Mimi nilikuwepo. Mimi ni Annah, binti Wambua, nilikaa kwenye meza ya mbele ya kliniki yake miaka kumi na moja, na nikisikia maneno hayo damu inanichemka. Keti nikuambie. Kama ni lazima upeleke maneno, peleka yaliyo kamili.

Kliniki ilikuwa ghorofa ya tatu, jengo moja la zamani karibu na Biashara Street. Mkono wa kulia ni sisi. Mkono wa kushoto ni Daktari Kulwant, Singasinga wa meno, mtu mwema, mwenye benchi refu kwenye korido. Ubao wa chini mlangoni ulisema "Dk. Kulwant, Meno", halafu "Dk. Daksha", basi. Mwenye jengo, Mzee Rasiklal, alikataa katakata neno lingine kuongezwa. "Wewe andika daktari tu," alisema. "Ukiandika wazimu, wapangaji wangu wote wanahama." Daktari akamweleza kwamba haandiki wazimu, anaandika magonjwa ya akili. Rasiklal akasema ni yale yale.

Basi wagonjwa wetu walikuja wakishika shavu. Haki ya Mungu. Mtu anapanda ngazi, mkono shavuni, uso ameukunja kama aliyeoza jino, anaketi kwenye benchi la Kulwant na kuchungulia huku na huku. Korido ikiwa tupu, anaruka upande wetu mbio kama mwizi. Kulwant alizoea kunitania: "Annah, benchi yangu imejaa tangu asubuhi, na hakuna hata mmoja anataka kufungua mdomo!" Nilicheka, lakini haikuwa furaha.

Na wakifika mezani kwangu, majina! Wanawake wote ni Grace, wanaume wote ni John, na kila mtu anakaa Loresho, mtaa wa matajiri. Ungeziamini kadi zetu, Loresho nzima ilikuwa inaumwa. Sikuwabishia. Sheria ya Daktari ilikuwa wazi: jina mgonjwa analotaja ndilo jina lake, na ukishatoka nje ya mlango wetu humjui. Ukikutana naye sokoni, kanisani, popote, usimsalimie mpaka akusalimie yeye. "Hiyo ndiyo dawa ya kwanza tunawapa, Annah," aliniambia siku yangu ya kwanza kazini. "Wakiikosa hiyo, hawatarudi kuchukua ya pili."

Alijua alichokisema, maana yeye mwenyewe alikuwa anajificha. Baba yake, Mzee Pranlal, alikuwa na duka la vitambaa, na siku binti alipoingia udaktari mzee alitembea kifua mbele mtaa mzima. Kisha binti akarudi kutoka masomoni ng'ambo, mwaka wa themanini na moja, akasema amechagua akili. Akili! Mbona si watoto? Mbona si macho? Mzee akaanza kuwaambia wateja kwamba binti yake anatibu kuumwa kichwa. Kulikuwa na mchumba, anaitwa Lalit, na kadi za harusi zilikuwa zimeshachapishwa. Mama yake Lalit akasema msichana anayeshinda na vichaa ataleta hicho kitu nyumbani, na kitaingia kwa watoto. Kadi zikatupwa.

Na usidhani ni watu wa duka tu. Madaktari wenzake, watu waliobukua vitabu, walimwuliza hospitalini kama na yeye anatembea na funguo za lango la wodi ya vichaa. Walimwambia kazi yake ni kupiga gumzo. Ebo! Wawili kati ya hao hao niliwaona baadaye kwenye korido yetu, wameshika mashavu.

Kwa hiyo mtu alipomwuliza, harusini au benki, "Wewe ni daktari wa nini?", Daktari Daksha alitabasamu na kujibu, "Wa watu." Miaka sita nilimsikia akijibu hivyo, na kila mara nilitamani kumjibia mimi.

Sasa, katika hao akina Grace wa Loresho kulikuwa na mmoja niliyemjua vizuri. Alikuwa Virginia, Mama Muchiri, mke wa Mzee Gichuru wa Waithaka. Alikuwa mwenyekiti wa akina mama kanisani kwetu, na chumba nilichokuwa nimepanga kilikuwa cha mumewe. Siku aliponikuta mezani uso ulimshuka, akataja Grace, akataja Loresho, nami nikaandika. Tangu siku hiyo kanisani alinipita kana kwamba mimi ni kiti, nami nikampita. Ndiyo sheria.

Ugonjwa wake ulikuwa wa kupanda na kushuka. Mwezi mmoja halali, anapika chakula cha watu hamsini, anataka kununua kila kitu sokoni. Mwezi mwingine hawezi hata kuinuka kitandani. Daktari akampa vidonge vya lithiamu, na kwa miaka miwili mama yule akawa mzima kama mimi na wewe. Shida ya dawa hiyo ni moja, ikizidi kwenye damu inakuwa sumu. Ndiyo maana kila baada ya miezi mitatu alikuja kutolewa damu ipimwe.

Jumanne moja ya mwaka wa themanini na saba alikuja kutolewa damu, mikono inamtetemeka. Daktari alipomwuliza, akasema amebeba maji tangu alfajiri. Alhamisi saa nne asubuhi maabara wakapiga simu. Daktari akasikiliza, akaandika namba, akakaa kuitazama.

"Annah, huyu Grace wa Loresho. Nyumba gani?"

"Kuna nini, Daktari?"

"Dawa imejaa kwenye damu yake. Akiendelea kuimeza hafiki Jumapili."

Kinywa changu kilikuwa kimezoea kufungwa. Halafu nikajikasirikia, nikasema, "Daktari, hakuna Grace. Ni Virginia wa Gichuru, wa Waithaka. Mimi ni mpangaji wao. Simu hawana."

Alichukua mkoba, tukashuka ngazi mbili mbili. Datsun yake kuukuu ilitupeleka Ngong Road mpaka Dagoretti Corner, tukaingia barabara ya Waithaka, na njiani akaniambia: "Wakiuliza, mimi ni daktari tu. Si lazima wajue." Hata wakati huo, mtu anakufa, bado alikuwa anamlindia yule mama siri yake.

Tulikuta sebule imejaa akina mama wa kanisa. Wanaimba, wanaomba. Virginia amelala kwenye kochi chini ya blanketi, anatetemeka mwili mzima, beseni la matapishi liko chini. Mzee Gichuru alikuwa amesimama mlangoni na tai yake.

"Annah, huyu ni nani umeniletea kwa boma yangu?"

"Mimi ni daktari, Mzee," Daktari akajibu mwenyewe. "Nimekuja kumwona mama."

"Mama ana malaria. Tunamwombea."

"Anaongea kama mtu amelewa? Akisimama anayumba?"

Akina mama wakatazamana. Gichuru akasogea, akajaza mlango wote. "Daktari wa nini?" akauliza.

Alijua! Mzee huyo alijua kila kitu. Ndiye aliyemleta mkewe mara ya kwanza, akabaki ndani ya pikapu amejifunika gazeti. Ndiye aliyemwambia mkewe avimwage vidonge vyetu kwenye chupa ya vitamini, wageni wasije wakasoma jina la dawa. Hakuwa anauliza. Alikuwa anamtisha, anamwambia thubutu, sema hapa mbele ya watu.

Nilimtazama Daktari. Lile jibu lake la siku zote nililiona limefika mdomoni. Angelijibu, Gichuru angefunga mlango na tungerudi zetu mjini. Ndani, Virginia akatapika tena.

"Wa magonjwa ya akili," Daktari akasema. Hakupiga kelele, lakini wimbo ulikatika. "Mimi ni daktari wa magonjwa ya akili. Mke wako ni mgonjwa wangu, miaka miwili sasa. Dawa yangu imemzidi na inamuua. Nipishe, Mzee."

Akapita. Mtu mdogo vile, na mzee mzima akampisha.

Niliagizwa kutafuta dawa zote zilizokuwa nyumbani. Kabatini nikapata ile chupa ya vitamini, na kando yake pakiti mpya ya vidonge vya presha. Tuliposoma pakiti, mambo yote yalifunguka. Wiki tatu nyuma Virginia alikwenda zahanati kupimwa presha, akaulizwa anatumia dawa gani nyingine. Akajibu, vitamini tu. Angesemaje tena, na mumewe amekaa pale pale? Wakampa dawa ya presha, ile ya kumfanya mtu akojoe sana, na hiyo ndiyo iliyoifungia lithiamu mwilini ikarundikana. Hakuna aliyemroga. Hakuna shetani. Ni chupa ya vitamini iliyotaka kumuua, na heshima ya mzee wa kanisa.

Lakini sijakuambia kilichoniuma zaidi. Kulikuwa na mwanamke aliyekuwa amemshika Virginia mkono tangu tulipoingia, anamwombea kwa machozi. Aliposikia neno akili, aliuachia ule mkono. Kisha akapangusa kiganja chake kwenye gauni. Polepole, mbele, nyuma.

"Unapangusa nini?" nikamwuliza. Akaendelea kupangusa. "Nimekuuliza, unapangusa nini? Dakika mbili zilizopita alikuwa dada yako! Huu ni upele? Ni ukoma? Na ungekuwa ukoma, ulikuwa unamwomba Mungu yupi?"

"Annah," Daktari akaniita, "shika miguu."

Nikashika miguu, yeye akashika mabega. Tulifika mlangoni ndipo wawili wakaja kutusaidia, nawashukuru. Wengine walibaki wamekumbatia mikoba yao. Gichuru alitangulia langoni, nikadhani anatufungulia. Wapi! Alikuwa anaangalia barabara kama kuna mtu anapita.

Virginia alilazwa, akawekewa maji kwenye mshipa, akapona. Siku ya nane tukaenda kumwona, Daktari amebeba machungwa. Mama yule akageukia ukuta.

"Mngeniacha nife na jina langu," akasema.

Daktari aliinama, akaanza kuyapanga yale machungwa kando ya kitanda. Mimi sijaumbwa hivyo. "Jina lipi, Mama Muchiri?" nikasema. "Ungekufa ukiwa Grace wa Loresho." Daktari akaniambia nitoke nje, nikatoka, nikalia kwenye ngazi kwa hasira.

Kilichofuata unaweza kukikisia. Kanisani wakachagua mwenyekiti mwingine, wakasema wanampumzisha. Mimi Gichuru alinipa wiki mbili nihame. Nikahamia Kangemi, karibu na Mountain View, na sikujuta. Ila kliniki yenyewe iliumia. Habari zikaenea kwamba yule daktari anasema siri za watu, na benchi la Kulwant likabaki na wanaoumwa meno kweli. Kuna wiki tulipata wagonjwa watatu.

"Nilivunja neno langu," Daktari aliniambia siku moja, tunakunywa chai peke yetu.

"Ulimwokoa!"

"Nilimwokoa, na nilivunja neno langu. Yote mawili ni kweli, Annah. Siku ile ikirudi nitafanya vile vile, na bado nitakuwa nimelivunja."

Kesho yake akaenda kwa mchoraji mabango. Akarudi na ubao mpya, akaupigilia misumari chini mlangoni mwenyewe: "Dk. Daksha, Magonjwa ya Akili". Rasiklal akapanda ghorofa zote tatu anahema, anafoka. Daktari akamwambia, "Mzee, ukiona unakuchukiza, ung'oe kwa mkono wako, watu wakuone." Hakuung'oa. Baba yake mwenyewe alikuja kuusoma siku moja, akasimama pale chini muda mrefu, akaenda zake bila kupanda.

Mwaka ukapita, na miezi. Halafu asubuhi moja nikasikia viatu kwenye ngazi. Niliinua macho, nikamwona Virginia amesimama kwenye korido. Amekonda, amevaa koti la kanisa, mikono yote miwili imeshika mkoba. Upande wa Kulwant walikuwepo watu wanne wameketi, na wote walimtazama. Hakukaa nao. Alinyoosha moja kwa moja mpaka mezani kwangu.

"Habari yako, Annah," akasema.

Miaka mitatu na zaidi sikuwahi kupewa salamu na mama huyo. "Nzuri, Mama Muchiri," nikajibu.

"Imeanza tena," akasema. "Wiki ya tatu silali. Nipe kadi yangu."

Nikaitoa. Alisoma lile jina la Grace, akaomba kalamu. Akalikata kwa nguvu mpaka karatasi ikachanika, akaandika juu yake herufi kubwa kubwa. Akanirudishia.

"Sasa niite," akasema.

"Mama, unaweza kuingia tu, Daktari yuko."

"Nimesema niite. Niite kwa sauti, wale wa meno wasikie."

Nikasimama. "Virginia Gichuru!" nikaita. "Virginia Gichuru wa Waithaka! Daktari wa akili anakungoja!"

Akaingia. Kwenye benchi la Kulwant mwanamume mmoja akautoa mkono shavuni, akainuka, akaja akaketi upande wetu.